Hiace kuukuu inakula maji: tazama chini ya sakafu kabla hujafungua hedi

Ukifika gereji, iwe Mtwara au Lindi, ukasema gari lako linakula maji, yaani maji ya rejeta yanapungua na hujui yanakokwenda, aghalabu jibu la kwanza ni gasketi ya hedi, kizibo kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Huenda ni kweli. Lakini kwa Hiace za zamani za dizeli, zenye injini ya 2L, 3L au 5L (ni majina ya injini, si lita) iliyolala chini ya viti vya mbele, mimi naanzia kwenye mabomba ya hita ya nyuma. Nyingi ya gari hizi zimetoka Japani, na huko abiria wa nyuma wanahitaji kupashwa joto. Kwa hiyo maji ya moto yanatoka kwenye injini, yanapita kwenye mabomba mawili ya chuma chini ya sakafu, yanafika kwenye hita, kisha yanarudi. Kwetu hakuna anayewasha hita hiyo, lakini maji yanapita humo kila siku, na chuma kinaoza kila siku.

Zilizogeuzwa kuwa gari la kulala, zenye kitanda, jiko la gesi na tangi la maji, ndizo ngumu zaidi. Fundi seremala amefunika sakafu kwa plaiwudi, hita ya nyuma imejificha nyuma ya kabati, na bati la chini limepakwa lami. Ukiona godoro lina unyevu usifikirie tangi la kunywa tu. Gusa kwa kidole, nusa: kulanti, dawa ya kupozea inayochanganywa na maji ya rejeta, ina harufu tamutamu na inateleza.

Kazi yote ya kutafuta uvujaji fanya injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana asubuhi. Mfuniko wa kawaida wa rejeta hizi umeandikwa 0.9, yaani unazuia shinikizo la bar 0.9, na kwa shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 118. Ukiufungua gari likiwa moto, shinikizo linaondoka ghafla na maji yanageuka mvuke palepale usoni mwako. Tambara lenye maji halikuokoi.

Mwanga wa tochi peke yake hautoshi. Uvujaji mdogo hutokea tu kukiwa na shinikizo, na injini ikiwa moto tone linakauka kabla halijaanguka. Dawa ni kusukuma upepo injini ikiwa imezimwa na imepoa. Kifaa chake kipo, lakini kama huna, pampu ya baiskeli yenye geji inafanya kazi. Jaza rejeta, funga mfuniko. Chomoa mpira mwembamba unaokwenda kwenye chupa ya akiba, na kwenye pua yake ya shingo ya rejeta chomeka mpira mwingine uliofungwa valvu ya tyubu. Sukuma polepole. Upepo unaingia kupitia kivalvu kidogo cha katikati ya mfuniko, kile ambacho kwa kawaida hurudisha maji gari likipoa. Ishia psi 13, ambayo ni karibu bar 0.9. Mpira wa juu wa mfuniko ukiwa umekauka upepo utatoka hapo hapo, na umeshajua kwamba mfuniko ni wa kubadilisha. Usithubutu kutumia kompresa ya fundi tairi. Ile inatoa zaidi ya psi 100, na tangi la plastiki la rejeta litapasuka kabla hujafunga koki.

Subiri dakika 15. Wakati huo zungushia karatasi ya chooni, kavu, kwenye kila kiungo cha mpira. Karatasi inaonyesha tone ambalo jicho halilioni. Pita hivi: mipira ya juu na ya chini ya rejeta, mstari ambapo tangi la plastiki limebanwa kwenye alumini, kisha kitundu kidogo chini ya shingo ya pampu ya maji. Kitundu hicho si kasoro, kimewekwa makusudi ili sili ya ndani ikichoka maji yatoke nje badala ya kuingia kwenye bearingi. Kikitoa maji, pampu imekwisha. Usikizibe. Halafu inua kapeti la mbele uone kama hita ya mbele inalowesha. Mwisho lala chini ya gari ufuate mabomba ya nyuma kutoka mwanzo hadi mwisho, hasa pale yanapokamatwa na vishikizo. Mchanga wa Msimbati na Mikindani unakaa kati ya kishikizo na bomba, unashika chumvi na unyevu, na bomba linaliwa kwa nje. Kwa ndani linaliwa na maji ya kisima yasiyo na kulanti. Gonga polepole kwa mpini wa bisibisi: bomba zima linalia, lililooza linatoa sauti butu na kumwaga magamba ya kutu.

Kama shinikizo linashuka na nje kote kukavu, hapo ndipo hedi inaingia kwenye mashaka. Washa injini baridi, mfuniko ukiwa wazi: mapovu yasiyokoma shingoni tangu sekunde za mwanzo ni gesi ya silinda. Au funga mfuniko uwashe injini baridi: mpira wa juu wa rejeta ukiwa mgumu kama mti ndani ya dakika moja tu, hata kabla maji hayajapata joto, maana yake ni hiyo hiyo. Oili iliyo kama chai ya maziwa ni dalili kwamba maji yameingia kwenye oili.

Sasa bomba la nyuma. Kipande kilichooza kikate mpaka ufikie chuma kizima, piga msasa laini, pima kipenyo cha nje kwa kaliperi (mara nyingi ni milimita 16) na unganisha kwa mpira wa hita. Usitumie mpira wa petroli wala wa gesi ya kupikia. Klipu ya bisibisi ikae baada ya uvimbe wa mdomo wa bomba, milimita 3 hadi 5 kutoka mwisho wa mpira. Silikoni usipake ndani: inajikata vipande na kwenda kuziba vijia vya rejeta.

Kama hita huitaki kabisa, izime kwenye matawi mawili karibu na injini. Kile kitendo cha kusukumia bolti ndani ya mpira na kuukaza kwa ukanda wa tyubu hakifai. Meno ya bolti yanakata mpira kwa ndani na maji yanafuata mfereji wa meno kama ngazi. Chukua kipande cha bomba la shaba cha sentimita 5, lichomelewe upande mmoja, ulivimbishe kidogo upande wa pili, kisha klipu mbili.

Kujaza kuna mtego wake. Pima ulichomwaga kwenye ndoo, urudishe kiasi hicho hicho, nusu kulanti nusu maji yaliyotoneshwa (ndiyo maji ya betri), isipokuwa kama chupa ya kulanti imeandikwa kwamba imeshachanganywa. Dukani ukiomba maji ya betri hakikisha hawakupi asidi. Egesha pua ikitazama juu kwenye mteremko, fungua hita zote zilizobaki kwenye moto, washa, minya mpira wa juu mara kwa mara na ongeza maji mpaka mpira wa chini nao upate joto. Hapo thamostati, valvu inayoyaachia maji yapite rejetani yakishapata joto, imefunguka. Wanaoing'oa thamostati wakidhani gari litapoa wanajidanganya. Nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato, na bila hicho sehemu ya maji hairudi rejetani kabisa.

Hewa ikibaki, geji ya joto itakudanganya. Kihisi kinasoma maji. Maji yakikiacha, mshale unashuka wakati injini inaungua, na kwenye kupanda Newala kutoka Masasi utadhani mambo yametulia. Mshale ukishuka ghafla kwenye mlima, egesha na uzime.

Tia alama ya kalamu kwenye chupa ya akiba gari likiwa baridi. Zunguka mjini nusu saa, liache lipoe usiku kucha, kaza klipu tena, tazama alama. Kulanti ya zamani weka kwenye dumu lenye kifuniko. Ni tamu, na mbuzi au mbwa akiinywa kutoka mtaroni hafi siku hiyo hiyo, anakufa figo zikishaharibika.