Mchekeshaji Mkuu Anapofariki, Mfululizo wa Filamu Uendelezwe Vipi?

Wanafunzi wa uigizaji hapa Bagamoyo huuliza kama mfululizo wa filamu za vichekesho unaweza kuendelea baada ya kifo cha mchekeshaji aliyeubeba. Unaweza, lakini kwanza mtayarishaji ajue alichobaki nacho ni nini, na ni mali ya nani.

Mfano wenye mafunzo mengi ni wa filamu za The Pink Panther. Mwingereza Peter Sellers alianza kumwigiza Inspekta Clouseau, mpelelezi wa polisi Mfaransa mwenye vituko, mwaka 1963, akafariki Julai 1980. Mwaka 1982 mwongozaji Blake Edwards alitoa Trail of the Pink Panther kwa kutumia vipande vya Sellers vilivyokatwa wakati wa kuhariri filamu zilizotangulia, kisha akatunga hadithi mpya ya kuviunganisha. Kichekesho hupandishwa hatua kwa hatua mpaka kicheko kilipuke. Kipande kilichong’olewa mahali pake hupoteza ngazi hiyo, hata aliyemo awe bingwa. Upande wa mirathi ya Sellers ulishtaki mjini London, ukashinda kwa hoja kwamba vipande vile vilitumiwa bila ridhaa, na fidia ikafika dola milioni 1.

Edwards alijaribu pia wahusika wapya, walioigizwa na Ted Wass mwaka 1983 na Roberto Benigni mwaka 1993, na filamu zote mbili zikaanguka sokoni Marekani. Steve Martin, aliyemwigiza Clouseau mwenyewe mwaka 2006, alipata watazamaji wengi, na naamini miaka zaidi ya 25 iliyokuwa imepita tangu msiba ilimpunguzia mzigo wa kulinganishwa.

Kwetu jambo hili ni zito zaidi. Clouseau aliandikwa kwenye karatasi, hivyo mwingine anaweza kumvaa. Lakini mchekeshaji Amri Athumani wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, watazamaji walimfuata kwa jina la King Majuto, wakitaka kuiona sura yake na kuisikia sauti yake, kisa kiwe chochote kile. Kumkabidhi kijana jina la namna hiyo na kumwambia aige mwendo wa marehemu ni kumwonea kijana na kuwaumiza wafiwa. Afadhali msiba utajwe ndani ya hadithi, kisha nafasi ishikwe na mtu ambaye watazamaji walikwisha kumzoea pembeni ya mkongwe, kwa jina lake na kwa ucheshi wake mwenyewe. Ndiyo maana tunawasihi waongozaji wawape chipukizi maneno ya kusema mapema, mkongwe akiwa bado yupo kuwaelekeza.

Mkataba nao uandikwe kwa Kiswahili ambacho msanii anakielewa, ueleze vipande visivyotumika vitahifadhiwa na nani, jina la usanii litatumikaje baada ya kifo, na malipo ya matumizi hayo yatakwenda kwa nani. Mambo hayo msanii ayaamue mwenyewe akiwa mzima, mbele ya mashahidi, na nakala moja ibaki kwa familia yake.