Nia mbili: kwa nini mawaidha hayamtoi mtu kilabuni

Muulize mtu wa Moshi mwenye ndugu mnywaji, atakusimulia habari ileile: asubuhi ndugu kaapa kwa jina la mama yake, jioni kaonekana kilabuni. Ukoo unasema ni mwongo. Wanaotibu uraibu wana maelezo mengine. Alipoapa aliapa kweli, na alipokwenda alikwenda kweli. Hali hiyo ya kutaka kuacha na kutaka kuendelea kwa wakati mmoja, kifuani mwa mtu mmoja, ndiyo nia mbili.

Aliyeipa jina la kitaalamu ni daktari wa akili wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1910, alipokuwa akieleza hali za wagonjwa wake wa akili. Lakini si lazima uumwe ndipo uwe nayo. Aliyewahi kutega kengele ya saa kumi na moja alfajiri kisha akaizima na kujifunika shuka anaijua vizuri. Kwa mraibu tofauti ni uzito tu: pande zote mbili zinavuta kwa nguvu, na hana hata siku moja ya kupumzika.

Tazama mbege, pombe ya ndizi ya Wachagga. Ndizi zimechemshwa, ulezi umesagwa, gamba la msesewa limetia uchungu wake, kata inapita mkono kwa mkono. Mahari ikizungumzwa mbege ipo, wazee wakisuluhisha ugomvi wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, ipo. Mwanamume wa Kibosho akiambiwa "acha pombe", masikioni mwake inaingia pia "usikae na wenzako", na ikifika Desemba, ndugu wanaporudi kutoka Dar kuja kuhesabiwa, "wewe jifungie ndani". Upande wa pili una ini, ada ya shule, na mke ambaye siku hizi hata hagombi, anakutengea chakula na kwenda kulala. Mtu huyu hajakosa habari. Ukimpa hesabu ya madhara ya pombe, anaweza kukusahihisha.

Hapo ndipo mawaidha yanapogeuka kuwa mafuta kwenye moto, nami nilijifunza kwa aibu. Nilimwendea baba mdogo wangu Jumapili moja baada ya ibada. Shikamoo, marahaba mwanangu, chai ikaja, nikaanza. Nikataja shamba. Akasema kahawa haina bei hata kwa wasiokunywa. Nikataja ini, akanitajia babu aliyekunywa mpaka akawa ajuza wa kiume, maneno yake hayo, na akafa usingizini. Nikataja watoto, akauliza kama kuna siku wamelala njaa. Baada ya nusu saa nilikuwa nimemgeuza wakili wa pombe, na kesi alikuwa ameishinda huku akijisikiliza mwenyewe. Aliondoka kwenda kilabuni na hoja nyingi kuliko alizoamka nazo.

Mmarekani William Miller, mwanasaikolojia, aliandika kuhusu jambo hilohilo mwaka 1983. Mwaka uliotangulia alikuwa Norway, akiwafundisha wanasaikolojia vijana kwa maigizo: wao wanajifanya wanywaji, yeye anawahudumia, na kila mara wanamkatiza wamuulize kwa nini amesema hivi na hakusema vile. Katika kujieleza aligundua kwamba alikuwa akikwepa kubishana, na kwamba sababu za kuacha alimwachia mnywaji azitoe mwenyewe. Baadaye akashirikiana na Stephen Rollnick, na kitabu chao cha kwanza kikatoka mwaka 1991. Njia yenyewe kwa Kiswahili tunaweza kuiita mazungumzo ya kuhamasisha. Katika utafiti mmoja wa Miller na wenzake wa mwaka 1993, kadiri mhudumu alivyombana mnywaji kwa maneno, ndivyo mnywaji huyo alivyokutwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye.

Kinachofanyika ni rahisi kueleza na kigumu kutenda. Tuseme fundi pikipiki wa Majengo, Moshi, ameanguka usiku akitoka kunywa, mkono umefungwa plasta. Mhudumu anaomba ruhusa kwanza: tunaweza kuzungumza kidogo kuhusu pombe? Anamuuliza pombe inampa nini. Ndiyo, anaanza na uzuri wake, kwa sababu mtu aliyeruhusiwa kusema uzuri hana tena haja ya kuutetea. Kisha: na kibaya chake? Fundi anasema, "Basi tu, siku hizi wateja wananikimbia." Mhudumu hadaki neno hilo na kulifanya fimbo. Anamrudishia taratibu: "Jina ulilojijengea kwa kazi linakuuma likipotea." Fundi anaendelea mwenyewe.

Halafu linakuja swali la namba. Kutoka 0 mpaka 10, una utayari kiasi gani wa kupunguza? Fundi anasema 4. Mimi na wewe tungeuliza, mbona siyo 8? Naye angetupa sababu nne za uvivu. Mhudumu aliyefunzwa anauliza kinyume: kwa nini 4, kwa nini siyo 1? Ili ajibu, hana budi kutaja sababu za kuacha, kwa kinywa chake. Nikiulizwa ni kipi katika tiba hii nzima kinachostahili kuibwa na wake, kaka na wachungaji, nitataja swali hilo.

Mfano wa Majengo sikuuchagua ovyo. Moshi njia hii ina jina la Kiswahili, Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Ni mazungumzo mafupi yanayoendeshwa na wauguzi kwa majeruhi katika idara ya dharura ya hospitali ya KCMC, na watafiti wa hapo pamoja na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wameyafanyia majaribio, wakiongeza ujumbe mfupi wa simu kwa waliokwisha kurudi nyumbani. Unywaji wa hatari hupimwa kwa maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani yanayoitwa AUDIT. Alama hufika 40, na kuanzia 8 taa nyekundu inawaka. Angalia jina lenyewe: wamesema punguza, hawakusema acha. Mwenye nia mbili akisikia "acha" anafunga mlango. "Punguza" anaweza kuikaribisha ndani wakaizungumza.

Nia mbili iko pia kwenye matatizo ya ulaji, na huko inajificha zaidi, maana kwetu kukonda huulizwa "unaumwa?" na kunenepa ni pongezi. Binti wa Arusha anayekula kisha akajitapisha chooni anaweza kutamani sana kutapika kukome, na papo hapo akaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kutapika. Nyumbani anasema ni vidonda vya tumbo. Naye hasaidiki kwa kuambiwa "kula tu, chakula kipo". Ila kwa mtoto anayejinyima mpaka mwili unaisha, nia haingojewi: tiba ya familia iliyoanzia London, hospitali ya Maudsley, inawarudishia wazazi usimamizi wa sahani kwanza, na mazungumzo ya hisia yanakuja uzito ukipanda.

Kwa pombe nako kuna mahali mazungumzo yanapaswa kukaa pembeni. Mnywaji wa kila siku aliyekata ghafla, mikono ikaanza kutetemeka na jasho likamtoka, ana arosto ya mwili, yaani mwili unadai pombe uliyoizoea. Degedege huweza kumpata ndani ya saa 6 mpaka 48 tangu kinywaji cha mwisho, na kuweweseka kwa kuona visivyokuwapo hufuata siku ya pili hadi ya nne. Inaua. Wapo wanaomfungia mtu huyo chumbani "mpaka pombe imtoke". Apelekwe hospitali, apewe dawa za kutuliza na vitamini B1, alindwe. Swali la 4 na 1 ataulizwa akishaweza kushika kikombe cha uji bila kukimwaga.