Upanga kwenye nembo ya City of London haukumuua Wat Tyler

Kazi yangu ni kusoma nembo za miji na hakuna swali naloulizwa sana kama hili la London: je, upanga kwenye nembo yake ndio uliomuua Wat Tyler, kiongozi wa waasi wa 1381? Nazungumzia City, ile sehemu ya kale ya katikati yenye halmashauri na meya wake, sio jiji zima. Ngao yake ni nyeupe, ina msalaba mwekundu wa Mtakatifu George, halafu pembe ya juu kuna upanga mdogo mwekundu, ncha juu. Uko kushoto kwako unapoutazama, ila sisi wa nembo tunasema kulia maana tunahesabu kutoka kwa aliyeishika ngao.

Stori inayopigwa sana ni kwamba Juni 15, 1381, wakati wa uasi wa wakulima, meya William Walworth alimchoma Wat Tyler kwa jambia pale uwanja wa Smithfield mbele ya mfalme Richard II, kijana wa miaka 14 tu, basi mfalme kwa shukrani akaupa mji lile jambia liwekwe kwenye nembo. Ni stori tamu, na chama cha wauza samaki alichotoka Walworth mpaka leo kinatunza jambia linalosemekana ndilo lenyewe.

Shida ni tarehe. Muhuri mpya wa meya ulianza kutumika Aprili 17, 1381, na ngao yenye upanga ipo pale, karibu miezi miwili kabla Tyler hajafa! Kwangu mimi mjadala unaishia hapo.

Upanga ni wa Mtume Paulo, mlinzi wa City, ndo maana hata kanisa kuu lina jina lake. Mapokeo yanasema alikatwa kichwa Roma kwa upanga, kwa hiyo wachoraji wa zama zile walikuwa wanamchora ameushika, na hata asiyejua kusoma alikuwa anamtambua papo hapo. Cheki muhuri wa City wa karne ya 13, Paulo mwenyewe amesimama juu ya mji, upanga mkono mmoja, bendera mwingine. Sasa kwenye kangao kadogo mtu mzima haenei vizuri, upanga peke yake unaenea, na napenda sana jinsi walivyomfupisha hivyo bila kumpoteza.

Wale majoka wawili wanaoishika ngao ni wa baadaye kabisa, walianza kuonekana karne ya 17 na kibali rasmi wamekipata 1957.