Paa la Nyumba Penye Mvua Nyingi: Yanayosemwa na Ukweli Wake

"Bati la rangi halishiki kutu."

Rangi ni vazi la juu tu. Kinacholinda chuma ni zinki iliyo chini yake, ambayo huliwa yenyewe kwanza ili chuma kibaki salama. Siku hizi yapo pia mabati yaliyopakwa mchanganyiko wa alumini, kiasi cha asilimia 55, na zinki. Hayo hustahimili mvua kwa miaka mingi zaidi, ila hayapatani na saruji mbichi, kwa hiyo fundi anayepiga lipu awe mwangalifu.

Kinachoniuma ni kuona mabati mazuri yakiharibiwa siku ileile ya kuezeka. Fundi anakata kwa grinda, cheche zinaruka na kutua juu ya bati. Kila cheche ni chembe ya chuma yenye moto, inaunguza rangi na kuganda hapo. Mvua chache baadaye unaona madoadoa ya kahawia. Mkasi wa bati hauna madhara hayo. Na vumbi la chuma lililobaki baada ya kutoboa lifagiliwe kabla ya jioni.

"Geji kubwa ndiyo bati nene."

Ni kinyume. Geji 28 ni nene kuliko geji 32. Uliza unene kwa milimita, na upimwe mbele yako.

"Vigae havivuji."

Vigae havizuii maji kama sufuria. Vinayateremsha, kigae hiki kikimwagia kile cha chini yake. Paa likilala mno, upepo husukuma maji yarudi juu na kupenya kwenye maungio. Ndiyo maana vigae hutaka paa lililosimama na karatasi ya kuzuia maji chini yake, wakati bati refu lisilo na kiungo linaweza kufaa kwenye mwinamo mdogo. Kuna na uzito: vigae vya zege mara nyingi huzidi kilo 40 kwa mita ya mraba, bati la kawaida halifiki kilo 10. Kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, zilizopigwa kwa ajili ya bati zisibebeshwe vigae bila mtaalamu kuzikagua.

"Tone likidondoka darini, bati limetoboka."

Panda darini alfajiri, usiku ambao mvua haikunyesha. Pitisha kiganja chini ya bati: kikilowa, huo ni mvuke wa ndani ya nyumba uliokutana na bati la baridi ukageuka maji. Kuziba matundu hakutasaidia. Panahitajika njia ya hewa chini ya ukingo wa paa na karibu na kofia, yaani kifuniko cha kilele cha paa, pamoja na kizuia joto chini ya bati. Hili halizungumzwi vya kutosha, na mbao nyingi huoza kwa sababu hiyo.

"Bati huvuta radi."

Hapana. Urefu wa jengo na mahali lilipo ndivyo vyenye uzito.

"Ukinunua mabati bora, umemaliza."

Paa huanza kuvuja kwenye misumari, kwenye kofia na pale linapokutana na ukuta. Tazama skrubu moja kwa karibu. Ikikazwa kupita kiasi, washa ya mpira iliyo chini ya kichwa chake hubinuka na kupasuka. Ikilegea, maji hupita. Ikae kwenye mgongo wa bati, isiwe bondeni maji yanakopita, na mpira ubanwe kidogo tu hadi uonekane sawasawa pande zote.