Picha Ikitoka Mkononi Mwako

Mama mmoja anayeuza dagaa Kibirizi, hapa Kigoma, alinijia ofisini na simu mkononi. Mnunuzi wake wa Dar es Salaam alikuwa ameukataa mzigo baada ya kuona picha. "Mwanangu, anasema dagaa wangu wana ukungu, na mimi nimewaanika jana tu!" Nikaifungua picha ya mwanzo kwenye simu yake. Dagaa wanang'aa, unaweza kuwahesabu. Nikafungua ile iliyomfikia mnunuzi: ukungu mtupu, ila ukungu wenyewe ni wa picha.

Kilichotokea ni jambo la kila siku. Mama aliiweka picha kwenye statasi, kijana wake akaipiga skrinshoti, akaikata pembeni, kisha akaituma. Kamera ya simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya nukta 4,000 kwa 3,000 (nukta ni vile vidoa vidogo vinavyoiunda picha), na faili lake huwa la MB tatu mpaka tano. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, hupunguzwa hadi nukta kama 1,600 upande mrefu, na faili hubaki KB mia kadhaa. JPEG, aina ya faili ya kuhifadhia picha inayotumika tangu 1992, hupunguza uzito kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni upesi. Mara ya kwanza hudhuriki. Lakini kila ikihifadhiwa na kubanwa upya hutupwa vingine, na skrinshoti ndiyo mbaya zaidi. Ni sawa na kuchemsha majani ya chai yaleyale mara ya tatu, halafu umpe mgeni.

Kwa hiyo picha ya biashara, ya cheti au ya ramani ya kiwanja itume kutoka kwenye ile ya mwanzo, si nakala ya nakala. Tangu 2023 WhatsApp ina alama ya HD juu ya picha kabla hujaituma, iguse. Kama hutaki ipunguzwe hata nukta moja, itume kama dokumenti. Kwa njia hiyo faili hupita lilivyo, hadi GB 2.

Ila hapo kwenye dokumenti pana mtego, na huu ndio ninaowaambia watu kuliko mwingine wowote. Simu inapopiga picha huandika ndani ya faili tarehe, saa, aina ya simu, na, kama umeiruhusu kuhifadhi mahali, namba za ramani za pale ulipokuwa umesimama, kwa usahihi wa mita chache. Ukituma kama picha ya kawaida WhatsApp huyafuta hayo. Ukituma kama dokumenti au kwa barua pepe, huenda nayo yote. Mtu akipiga picha ya pikipiki yake mpya uani kwake Mwanga na kuituma namna hiyo kwa watu asiowajua, amewapa na njia ya kufika. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi mahali.

Video zina hesabu yake. Dakika moja ya video ya 1080p (hicho ni kipimo cha ukali wa video) huweza kuvuka MB 100. Anayerekodi mjini penye mtandao mzuri haoni taabu, lakini ndugu yake wa kijijini Kagunga anaisubiri ishuke huku kifurushi kinayeyuka. Ipo 720p kwenye kamera, yenye nukta chini ya nusu ya zile. Kwa video ya kuangalia kwenye simu inatosha kabisa. Na kata. Harusi nzima ya nini? Toa zile sekunde za kutembeatembea na kamera ikitazama chini, programu ya picha kwenye simu yenyewe inakata. Na wewe unayepokea, zima upakuaji wa moja kwa moja, usilipie kila kinachoangushwa kwenye grupu.

Sasa upande wa pili. WhatsApp ikifuta tarehe na mahali, inakulinda, lakini pia inamwacha anayepokea hana pa kushika. Sisi wa Kigoma tunalijua hili kwa sababu ya ziwa. Maji ya Tanganyika yanapopanda, nyumba hufurika Bujumbura, Uvira ya Kongo na huku kwetu, milima ya nyuma inafanana, na Uvira nako wanazungumza Kiswahili. Klipu ya kule hupewa maneno "Kibirizi leo asubuhi" na watu wakaanza kupigiana simu. Kabla hujaisambaza, tazama magari: Burundi na Kongo wanaendesha kulia, sisi kushoto. Soma namba za magari na mabango ya maduka. Simamisha video kwenye sura moja, ipitishe Google Lens, ile huduma ya kutafuta kwa picha, uone kama ilishawahi kutoka miaka iliyopita. Na wewe unayerekodi, sema kwa mdomo ndani ya video mahali na tarehe. Maneno yaliyoandikwa chini hubanduka, sauti yako husafiri na klipu.

Kisheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha: faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Picha ya mtu mwingine nayo ni taarifa binafsi, inayolindwa na sheria ya 2022. Kuhusu picha za ajali sina haja ya kifungu. Mama wa marehemu hatakiwi kupata msiba kwa kufungua grupu.

Kuna wema mmoja unaoponza. Mtu anaokota kitambulisho cha taifa, cha NIDA, stendi, anakipiga picha mbele na nyuma, anakitupia kwenye grupu ili mwenyewe apatikane. Namba ile ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ya mwenye nacho. Weka jina tu, namba ifunike kwa kidole au karatasi kabla ya kupiga, kisha ukipeleke polisi au kwa mtendaji wa mtaa. Usitegemee kalamu ya rangi ya kwenye simu: ile nyepesi ya kupigia mstari huacha tarakimu chini yake, mtu akiongeza mwangaza anazisoma.

Kama ulishakosea, WhatsApp inakupa takriban siku mbili na nusu kufuta kwa wote. Futa mara moja, kisha andika kwenye grupu lilelile kwamba umefuta na kwa nini, maana waliokwisha kuisambaza kwingine bado wanayo.