Kumfundisha mbwa mkubwa kujisaidia nje: anza na sakafu aliyoizoea

Wanaochukua mbwa aliyekwisha kukomaa, wa miaka miwili, mitano hata minane, huniuliza kwanza kama bado anafundishika. Anafundishika, na mara nyingi upesi kuliko mtoto wa mbwa, kwa kuwa kibofu chake kimeshakomaa. Mbwa mzima mwenye afya huweza kubana mkojo kwa muda wa saa 6 hadi 8. Mtoto wa miezi miwili hafikii hata nusu ya hapo. Kazi yako ni kubadilisha mazoea, na mazoea hayo yamekaa kwenye nyayo zake.

Mbwa hujifunza katika wiki zake za mwanzo akanyage nini anapojisaidia. Aliyekulia kwenye majani hutafuta majani, wa mchangani hutafuta mchanga. Sasa mchukue mbwa wa ulinzi wa huku kwetu, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi: mchana kutwa yumo bandani juu ya saruji, usiku anafunguliwa azunguke uani, asubuhi banda linamwagiwa maji. Miaka yote hiyo saruji ndiyo choo chake. Ukimwingiza sebuleni kwenye vigae, vigumu na vya baridi vilevile, atakojoa hapo huku anakuangalia usoni, na wewe utadhani ni jeuri. Anafanya alichofundishwa.

Kabla ya yote, muone daktari wa mifugo, hasa ikiwa mbwa alikuwa msafi na ameanza ghafla kuchafua. Pima maji anayokunywa: mwekee maji kwa jagi lenye alama asubuhi, kisha kesho yake saa ileile uone yamebaki kiasi gani. Zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani zaidi ya lita 2 kwa mbwa wa kilo 20, ni dalili ya kuchunguzwa. Huweza kuwa kisukari, figo au, kwa jike, usaha kwenye kizazi. Dawa za jamii ya prednisolone (steroidi za kutuliza uvimbe na mwasho) nazo humfanya mbwa anywe na kukojoa sana, kwa hiyo mtajie daktari dawa zote anazopewa. Anayekojoa kidogo kidogo kwa kujikamua, au mwenye damu kwenye mkojo, huenda ana maambukizi au mawe ya kibofu. Mkojo mwekundu au wa rangi ya kahawia pamoja na ufizi uliopauka, kwenye maeneo yetu yenye kupe, unaweza kuwa babesia, ugonjwa wa damu unaoletwa na kupe, usingoje kesho. Vivyo hivyo dume anayejikamua na mkojo hautoki kabisa. Jike aliyefungwa kizazi na anayelowesha godoro akiwa usingizini hahitaji mafunzo, kwani hajui hata kama mkojo unatoka. Ana dawa yake kwa daktari. Na tafadhali, usimnyime mbwa maji ili asikojoe. Kwenye joto letu hilo ni hatari, na mkojo mzito humuumiza zaidi.

Akishaonekana mzima, anza na ratiba. Mlishe mara mbili kwa siku kwa saa zisizobadilika. Mimi hupendelea saa 1 asubuhi na saa 11 jioni. Chombo kiondolewe baada ya dakika 20, amemaliza hajamaliza. Chakula kinachoachwa siku nzima hufanya haja kubwa isijulikane itakuja saa ngapi. Mbwa wa banda amezoea kula mara moja, usiku, na kujisaidia gizani, ndiyo maana wiki ya kwanza huchafua kati ya saa 8 na saa 10 usiku. Ukisogeza mlo wa jioni hadi saa 11, tumbo linafuata baada ya siku chache. Ukimbadilishia na chakula chenyewe, fanya hivyo pole pole kwa siku 7, maana kuhara hakusubiri mlango ufunguliwe.

Mtoe nje saa 12 asubuhi, tena dakika 15 hadi 30 baada ya kila mlo, saa 6 mchana, saa 10 alasiri, na mara ya mwisho saa 4 usiku. Siku tatu nne za kwanza ongeza mara moja ya saa 9 usiku. Ongeza pia kila anapoamka usingizini na kila anapomaliza kucheza.

Jinsi ya kumtoa ndiyo inayowashinda wengi. Kumfungulia mlango na kumwacha aende peke yake hakumfundishi chochote. Atanusanusa, atabweka getini, atarudi na kibofu kimejaa. Mshike kwa kamba ya mita 2, nenda naye palepale pa jana, simama. Usitembee, usimchezeshe. Mpe dakika 5 hadi 10. Anapoanza kukojoa tamka neno moja ulilochagua, kwa sauti ya chini, mara moja tu. Akimaliza, ndani ya sekunde mbili, mpe kipande cha ini la kuchemsha au dagaa mmoja. Zawadi iwe mfukoni mwako tayari. Ukiisubirisha hadi jikoni, anajifunza kwamba analipwa kwa kurudi ndani. Kisha mwache anuse na kutembea dakika 5 kabla ya kuingia, kwa sababu mbwa anayerudishwa mara tu anapokojoa hugundua kwamba mkojo ndio unaomaliza matembezi, akaanza kuubana makusudi.

Asipofanya kitu, rudi naye ndani lakini kamba ibaki kiunoni mwako. Baada ya dakika 15 mtoe tena. Katika wiki mbili za kwanza mbwa ana sehemu tatu tu za kuwa: nje na wewe, ndani amefungwa kwako, au kwenye chumba kidogo chenye kitanda chake. Aliyezoea kulala kwenye uchafu wake bandani hataona haya kuchafua chumba hicho, kwa hiyo kwa huyo usitegemee chumba, tegemea kamba.

Kwa mbwa wa saruji, usianze na majani. Anza kwenye saruji iliyo nje ya nyumba, mahali utakapoweza kupaweka udongo. Siku mbili za kwanza paache patupu, na uweke hapo tambara lililofuta mkojo wake. Kisha nyunyiza udongo kiasi cha kufunika sakafu. Kila siku ongeza kidogo hadi ufikie kina cha sentimita 5, halafu sogeza udongo huo nusu mita kwa siku kuelekea penye majani. Anaposita, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo siku mbili. Wanaoishi ghorofani hufanya hivyohivyo kwenye trei ya mita 1 kwa sentimita 60 iliyojazwa udongo au majani yenye mizizi yake, barazani. Mbwa mrefu anahitaji kubwa zaidi; lazima ageuke mzima bila mguu kutoka nje ya trei.

Kusafisha ndiko kunakoamua kama atarudia. Kwanza kausha kwa kubonyeza tambara, bila kusugua. Kisha tumia sabuni ya unga yenye vimeng'enya (enzymes), sehemu moja kwa sehemu 9 za maji ya uvuguvugu. Paloweshe dakika 10 au zaidi, suuza, acha pakauke. Kwenye vigae harufu hubaki kwenye ile mistari ya saruji katikati, ndiko kwa kuloweka zaidi. Dawa ya klorini inang'arisha kwa macho yako tu, na ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua. Usiichanganye kabisa na siki. Vitu vyenye amonia viweke mbali, kwa pua ya mbwa vinafanana na mkojo. Usiku, zima taa na umulike sakafu kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV): mkojo uliokauka hung'aa rangi ya manjano, nyuma ya kochi hasa, na hapo utajua kwa nini anaing'ang'ania kona ile.

Wapo wanaomsugua mbwa pua kwenye mkojo au kumchapa. Naumia kila nikisikia hivyo, kwa sababu madhara yake hukaa kwa muda mrefu. Mbwa hawezi kuunganisha kipigo na alichofanya dakika 10 zilizopita. Anachoelewa ni kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari. Anaanza kujificha nyuma ya pazia, na akifungwa kamba nje hakojoi kabisa. Ukimpokea mbwa wa namna hiyo, tumia kamba ya mita 5, mpe mgongo, usimtazame, na zawadi mrushie chini badala ya kumkaribia. Ukimkuta anakojoa ndani, piga makofi mara moja kwa viganja vyako, kwa upole, kumkatiza, mtoe amalizie nje, na amalizapo mpe zawadi.

Tofautisha pia mambo mawili yanayofanana na kukosea. Matone machache kwenye mguu wa kiti, pazia au begi la mgeni, mguu ukiwa juu, ni kuweka alama. Kuhasiwa hupunguza kwa madume wengi, si wote, na harufu iliyokwisha kuwekwa lazima isafishwe. Anayelegea na kutoa mkojo unapomsalimia, masikio nyuma na kichwa chini, anaomba amani. Huyo chuchumaa ubavuni kwake, usimwinamie, na usimkemee.

Zikipita wiki 4 bila kuchafua, mfungulie chumba kimoja zaidi, si nyumba nzima. Kaa naye humo kwa kamba siku chache kama mwanzo, kisha kingine. Masika yakianza tarajia kurudi nyuma kidogo, kwani wengi hawataki kukanyaga majani yaliyolowa. Ezeka turubai juu ya mahali pake, chukua mwavuli, na usimame naye hadi amalize.