Kasha la plastiki halipandishi thamani ya sarafu

Kwa miaka mingi wakusanyaji wameaminishwa kwamba sarafu iliyopimwa na kampuni na kufungwa kwenye kasha la plastiki ndiyo yenye thamani, na iliyo wazi ni ya kubahatisha. Si kweli.

Kampuni kama PCGS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1986, na NGC, iliyofuata 1987, huthibitisha kwamba sarafu ni halisi, kisha huipa alama ya hali yake, kuanzia 1 hadi 70. Alama hiyo ni maoni ya wataalamu. Haiifanyi sarafu ya kawaida kuwa adimu.

Chukua sarafu ya shaba iitwayo pesa, ya Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882 hivi. Upande mmoja ina maandishi ya Kiarabu, wa pili mizani. Zimebaki nyingi, na kwa iliyochakaa ada ya upimaji mara nyingi huzidi bei yake. Iache wazi. Ishike ukingoni kwa vidole viwili, uiinamishe kwenye mwanga wa dirisha: rangi ya kahawia iliyotulia mpaka kwenye nafasi ndogo kati ya herufi ni dalili njema, lakini mikwaruzo myembamba inayokwenda upande mmoja inaonyesha ilisuguliwa. Tafadhali, ndugu yangu, usiiguse kwa ndimu wala majivu! Ikishasuguliwa hivyo, wapimaji huandika kwamba imesafishwa na kuinyima alama.

Riyali ya fedha ya Barghash ni habari nyingine. Ni adimu, na bei yake huwavuta waghushi. Hiyo, nunua iliyokwisha kupimwa.